Ubadilishe kadi ya grafiki baada ya muda gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachezaji gemu wa Mombasa

Maswali haya hayaishi kuja, kutoka kisiwani, Nyali, Bamburi, Kisauni, Likoni na Changamwe. Wengine ndio kwanza wanajenga kompyuta yao. Wengine wana mashine za miaka saba na wamechoka kuona picha ikikwama mechi inapopamba moto. Majibu yamezingatia hali yetu ya pwani: joto, hewa ya chumvi, stima inayopotea bila taarifa, na bei zinazotufikia zikiwa zimeshapanda njiani. Mchezaji wa Berlin anaweza kupewa ushauri mwingine, na ukamfaa.

Kwa kifupi, nibadilishe kadi kila baada ya miaka mingapi?

Kwa mwenye skrini ya 1080p (Full HD), miaka minne hadi sita. Ukinunua kadi ya daraja la kati, huna sababu ya kuigusa kabla ya miaka minne. Hayo ni makadirio ya kupangia akiba tu. Kinachoamua hasa ni gemu unazocheza na skrini uliyo nayo. Anayecheza Valorant na Counter-Strike 2 pekee anaweza kukaa na kadi ile ile miaka minane asikose kitu. Anayetaka kila gemu kubwa siku inapotoka, tena kwenye skrini ya 4K, atarudi dukani baada ya miaka mitatu, na ajue mapema kwamba huo ndio mtindo aliouchagua.

Kipimo ninachompa kila mtu ni hiki: usinunue mpaka kadi unayoimudu iwe na kasi angalau mara mbili ya ile uliyo nayo. Chini ya hapo utatoa pesa nyingi kwa tofauti ambayo jicho litaizoea ndani ya wiki.

Lakini kadi mpya hutoka kila miaka miwili. Si nitaachwa nyuma?

Hutaachwa. Tazama NVIDIA: GTX 10 zilitoka 2016, RTX 20 zikaja 2018, RTX 30 mwaka 2020, RTX 40 mwaka 2022, RTX 50 mwaka 2025. Sasa chukua daraja ambalo wengi wetu hununua, lile la namba zinazoishia na 60. RTX 3060 ilitoka 2021 ikiwa na kumbukumbu ya GB 12. RTX 4060 ilipokuja 2023 iliongeza kasi kwa karibu moja ya tano, na kumbukumbu ikashuka hadi GB 8. Aliyetoka 3060 kwenda 4060 alipata kadi inayokula umeme pungufu, lakini kwenye gemu hakuona mabadiliko ya maana. Aliyetoka GTX 1060 ya 2016 kwenda hiyo hiyo 4060 alipata zaidi ya mara mbili, na akafunguliwa mlango wa teknolojia ambazo kadi yake ya zamani haikuwa nazo. Kwa hiyo ruka vizazi viwili, kimoja hakitoshi.

Kuna jambo jingine linalokulinda. Gemu nyingi kubwa hutengenezwa zikizingatia pia PS5 na Xbox Series, mashine zilizotoka Novemba 2020. Maadamu watengenezaji wanalazimika kuifanya gemu yao iende kwenye mashine hizo, kadi yenye nguvu zinazokaribiana nazo haitatupwa nje.

Nitajuaje kwamba wakati umefika kweli?

Pima. Watu wengi hununua kadi kwa hisia, kisha wanagundua kwamba tatizo halikuwa kadi.

Anza na vitu vya bure. Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi yenyewe, usiwe kwenye tundu la mazabodi. Hili hutokea mara nyingi kuliko mtu anavyodhani: kadi imekaa ndani, imelipiwa, na picha inatoka kwenye grafiki ndogo ya prosesa. Sasisha draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi. Kisha weka MSI Afterburner, programu ya kupima na kurekebisha kadi, ambayo ni ya bure hata kama kadi yako si ya MSI, na uonyeshe kwenye skrini mambo manne ukiwa ndani ya gemu: fremu kwa sekunde (picha ngapi kadi inachora kila sekunde), asilimia ya kazi ya GPU (chipu ya kadi), asilimia ya kazi ya prosesa, na joto la kadi.

Cheza nusu saa mahali pazito, si kwenye menyu. GPU ikiwa 97 hadi 99 kwa mia na fremu ziko chini ya unazotaka, kadi ndiyo iliyofika mwisho wake. GPU ikiwa 60 kwa mia na bado gemu inakwama, kadi inasubiri prosesa au RAM, na ukinunua kadi mpya nayo itasubiri vile vile. Ukitaka uhakika zaidi, shusha picha hadi 720p. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa imebanwa. Zikibaki pale pale, tafuta kosa upande wa prosesa. Mashine nyingi ninazoziona zina kijiti kimoja cha RAM cha GB 8. Kuongeza cha pili kinachofanana nacho huondoa kukwama kwingi kwa pesa ndogo kuliko ya kadi mpya.

Mwisho, jiulize skrini yako ni ya Hz ngapi, yaani hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Kama ni ya Hz 60 na tayari unapata fremu 60 bila kuyumba, kadi mpya haitakuonyesha lolote zaidi kwa kasi. Utapata picha nzuri zaidi tu kwa kupandisha setingi.

Nikinunua skrini ya 1440p, kadi yangu itatosha?

Hesabu ni nyepesi. 1080p ina nukta milioni 2 na kidogo, 1440p ina karibu milioni 3.7, na 4K ina milioni 8.3, yaani mara nne ya 1080p. Kadi yako itafanya kazi hiyo ya ziada kila fremu. Watu wengi waliolazimika kubadilisha kadi mapema walianza kwa kubadilisha skrini, kwa hiyo panga vitu hivyo viwili pamoja.

Mashine yangu ni ex-UK, Dell OptiPlex ya ofisini. Niweke kadi gani, na niibadilishe lini?

Hili ndilo swali kubwa la Mombasa, kwa sababu vijana wengi huanza na OptiPlex au HP EliteDesk iliyotolewa ofisi ya ng'ambo ikauzwa huku kwa bei nafuu. Ni mwanzo mzuri. Lakini mashine hizi zina mipaka mitatu ambayo muuzaji hatakwambia.

Wa kwanza ni umeme. Tundu la PCIe, lile la mazabodi ambamo kadi huchomekwa, hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi lazima iwe na waya wake kutoka kwenye pawasaplai: plagi ya pini 6 huongeza wati 75, ya pini 8 huongeza 150. Pawasaplai za mashine nyingi za ofisini hazina waya huo kabisa, na plagi inayoingia kwenye mazabodi ni ya kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kuchukua pawasaplai yoyote ya dukani ukaichomeka. Usikubali fundi akuunganishie waya wa kubahatisha kutoka kwenye plagi za diski. Zile hazikutengenezwa kubeba mzigo huo, na nimeona plastiki zake zikiyeyuka.

Wa pili ni nafasi. Zile nyembamba zinazolala mezani zinataka kadi fupi yenye bamba la nusu urefu. Hapo chaguo ni chache: GTX 1650 ya bamba fupi isiyo na plagi, RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70, au RX 6400 yenye wati 53. Hiyo ya mwisho hutumia njia nne tu za PCIe, na kwenye mashine ya zamani yenye PCIe ya kizazi cha tatu hupoteza nguvu ambazo wenye mashine mpya hawapotezi. Kati ya hizo tatu, 3050 ya GB 6 ndiyo ningemnunulia ndugu yangu.

Wa tatu ni prosesa. Core i5 ya kizazi cha nne ni ya 2013. Ukiipa kadi kali itaibana, na tena Windows 11 inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu.

Kwa hiyo kwenye ex-UK hesabu yangu ni hii: unaweka kadi ndogo mara moja, unaicheza mpaka ichoke, na wakati wa kubadilisha ukifika hubadilishi kadi. Unajenga mashine mpya kuanzia kasha na pawasaplai. Kadi ya pili kwenye mwili ule ule wa ofisi ni pesa iliyopotea.

Tangu Januari kadi yangu inakwama, na mwaka jana mwezi wa saba ilikuwa sawa. Imezeeka?

Huenda haijazeeka hata kidogo. Ni kaskazi.

Kati ya Januari na Machi chumba kisicho na AC Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 mchana. Feni ya kadi haitengenezi baridi. Inapuliza hewa ya chumba juu ya chuma chenye moto, kwa hiyo joto la kadi hupanda sawasawa na joto la chumba. Kadi inayopanda nyuzi 50 juu ya hewa inayoizunguka itakuwa na nyuzi 74 kwenye chumba cha nyuzi 24. Chumba kikiwa na 33, itakuwa na 83. Na kadi nyingi zikifika hapo huanza kujipunguzia kasi zenyewe ili zisijiunguze. Wewe unaona fremu zinashuka, unadhani gemu imeizidi kadi. Kusi likianza kuvuma na hali ya hewa ikapoa, kadi inapona bila kuguswa.

Kabla ya kununua, fanya haya kwa mpangilio. Toa kompyuta kwenye kabati au chini ya meza iliyozungukwa na ukuta. Safisha kichujio cha mbele na feni. Fungua dirisha upande wa upepo na uweke feni ya chumba ivute hewa ipite. Kisha ndani ya Afterburner shusha kikomo cha umeme wa kadi hadi 80 kwa mia. Utapoteza fremu chache ambazo hutaziona, na joto pamoja na kelele vitashuka kwa kiasi utakachokiona siku hiyo hiyo. Kadi ikiwa na miaka mitatu au zaidi, mpe fundi anayeaminika abadilishe pasta ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kupozea. Nimeona kadi zilizokuwa zimetangazwa kuuzwa zikirudi kwenye mechi kwa kazi hii tu.

Nakaa karibu na bahari. Chumvi inaharibu kadi kweli?

Inaharibu, na hii ndiyo sababu kadi ya Mombasa inaweza kufa kabla ya wakati wake hata kama bado ina nguvu za kucheza.

Ukiifungua kadi iliyokaa miaka mitatu kwenye chumba kinachotazama bahari, Bamburi au Shanzu, vumbi lake si lile la bara. Limelowana na unyevu wa chumvi, likakauka, likalowana tena, mpaka limegandamana tabaka la kijivu kati ya mapezi ya alumini. Kupuliza hakulitoi. Unalinyanyua kwa kibano, linatoka kipande kizima. Skrubu za bamba la nyuma zimeshika kutu ya hudhurungi, na ukichungulia kwenye tundu la HDMI utaona unga wa kijani kwenye pini. Unga huo ndio unaofanya skrini iwake na kuzima bila sababu, na mtu anaambiwa kadi imekufa.

Dawa yake si ngumu. Safisha kila miezi mitatu au minne badala ya mara moja kwa mwaka. Pini zisuguliwe taratibu kwa brashi laini na isopropili ya 99 kwa mia, mashine ikiwa imechomolewa, na ziachwe zikauke kabisa. Matundu usiyoyatumia yafunike kwa vifuniko vidogo vya plastiki. Na mashine iwashwe mara kwa mara: kompyuta iliyofungiwa miezi mingi kwenye chumba chenye unyevu huliwa na kutu zaidi ya ile inayofanya kazi kila siku, kwa sababu joto lake huukausha unyevu.

GB 8 za kumbukumbu ya kadi (VRAM) zinatosha?

Kwa 1080p na setingi za kati, zinatosha gemu nyingi. Kwa mtu anayetaka kadi ikae miaka mitano, ningemsukuma kwenye GB 12 au zaidi hata kama kasi ya kadi ni ndogo kidogo, maana setingi za vivuli unaweza kushusha, lakini kumbukumbu huwezi kuiongeza. Dalili ya kumbukumbu iliyojaa ni gemu kwenda vizuri kisha kusimama ghafla kwa nusu sekunde, au kuta na nguo za wachezaji kuonekana zenye ukungu mpaka usogee karibu. Shusha setingi ya tekscha kwanza. Mara nyingi hapo ndipo tatizo linapoishia.

Nina GTX 1060. Nimesikia NVIDIA imeiacha. Niitupe?

Usiitupe. NVIDIA ilitangaza kwamba kuanzia mwishoni mwa 2025 kadi za GTX 900 na GTX 10 hazipati tena draiva mpya za gemu, bali zitapata marekebisho ya usalama mpaka Oktoba 2028. Gemu unazocheza leo zitaendelea kufunguka. Kinachokufungia mlango ni kingine: baadhi ya gemu mpya, kama Doom: The Dark Ages ya 2025, zinalazimisha kadi iwe na vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga, ambavyo 1060 haina. Kama gemu za namna hiyo ndizo unazozitaka, muda wako umefika. Kama ni mpira na GTA V, endelea kucheza huku unaweka akiba.

Ninunue ya mtumba au mpya?

Mtumba ndio uliowawezesha wengi wetu kucheza, sina neno nao. Lakini nunua ukiwa na macho mawili wazi.

Kwanza, uongo. Kuna kadi zinazouzwa kwa jina la GTX 1050 Ti ambazo ndani yake ni chipu za zamani mno, zimeandikwa upya programu yake ili zijitambulishe kwa jina jipya. Fungua GPU-Z, programu ndogo ya bure. Itakuonyesha chipu halisi, na kwa kadi bandia nyingi itaandika wazi kwamba ni bandia. Halafu kuna RX 580. Ile kamili ina viini 2304. Kuna nyingine iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018 yenye viini 2048, na hiyo ndiyo iliyojaa kwenye mitandao ya kuagiza. Si bandia na inacheza vizuri, ila isiuzwe kwako kwa bei ya ile kubwa.

Pili, kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na baada ya hapo kadi nyingi zilimwagika sokoni dunia nzima. Uchimbaji peke yake hauui chipu. Kinachochoka ni feni, pasta na vipande vya mpira vinavyopoza kumbukumbu. Ukipata moja kwa bei nzuri na feni zake hazilii, inunue, lakini tenga pesa ya kuifungua na kuisafisha.

Tatu, jaribu kabla ya kutuma M-Pesa. Usikubali kujaribu kwa kuona picha ya Windows tu. Endesha FurMark au Unigine Heaven, programu za kuikamua kadi, dakika 20, ukitazama joto na ukisikiliza feni. Nukta za rangi zisizo mahali pake, mistari, au skrini nyeusi ya sekunde moja: rudisha kadi mezani, sema asante, ondoka. Muuzaji anayekataa dakika 20 amekwisha kukujibu. Jaribu matundu yote, HDMI na DisplayPort, kwa sababu ya kutu niliyoieleza. Nusa pia. Harufu ya kuungua haifichiki.

Niagize Nairobi, Dubai au ng'ambo?

Nairobi kuna chaguo pana kuliko huku, na mzigo ukipakiwa kwenye basi la usiku unaupata asubuhi. Mwambie muuzaji akutumie video ya kadi ikifanya kazi na namba yake ya utambulisho (serial number) ikionekana, kabla haijafungwa. Ukiagiza nje, ongeza VAT ya 16 kwa mia na ada nyingine za forodha juu ya bei na usafiri, ndipo ulinganishe na ya hapa. Na uliza swali moja kabla ya yote: waranti ni ya duka au ya mtengenezaji, na ikiharibika naipeleka wapi? Kadi iliyonunuliwa Dubai mara nyingi inadai irudi huko huko. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, mimi huchagua duka la hapa ambalo naweza kuingia kwa miguu nikiwa na risiti mkononi.

NVIDIA, AMD au Intel?

Kwa bei moja, AMD mara nyingi hukupa kasi au kumbukumbu zaidi. NVIDIA ina DLSS, teknolojia ya kuongeza fremu nitakayoieleza hapa chini, na inamfaa anayehariri video. Intel Arc, kama B580 yenye GB 12, ni nzuri, ila inahitaji mazabodi yenye Resizable BAR, uwezo unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo. Kwenye mashine ya zamani isiyo nayo, usiiguse.

DLSS na FSR zinaweza kuniongezea miaka?

Ndiyo, na zitumie bila aibu. Gemu inachorwa kwa ukubwa mdogo kisha inakuzwa kwa akili, unapata fremu zaidi bila kulipa. DLSS inataka kadi za RTX. FSR ya mwanzo iliyotoka 2021 na zilizofuata hadi ya tatu zinaenda hata kwenye kadi za zamani, na kwa mwenye RX 580 au GTX 1060 zimeongeza mwaka mmoja au miwili ya kucheza. Ile ya kuunda fremu za katikati ni kitu kingine: inapendeza ukiwa tayari na fremu 60, ila ukiwa na 25 utaona picha laini huku kipanya kikiwa kizito.

Ninunue kadi sasa kujiandaa na GTA VI?

Usinunue kwa sababu hiyo. Rockstar iliitangaza gemu hiyo kwa PS5 na Xbox Series. GTA V ilitoka kwenye PlayStation na Xbox za wakati huo Septemba 2013, na kwenye kompyuta ikaja Aprili 2015. Red Dead Redemption 2 nayo ilichukua kutoka Oktoba 2018 hadi Novemba 2019. Weka pesa yako. Siku mahitaji ya kompyuta yatakapotangazwa, utajua hasa kadi gani unahitaji.

Mwanangu yuko kidato cha tatu. Anasema kadi tuliyomnunulia mwaka juzi haifai tena. Ni kweli?

Shikamoo mama. Kadi ya mwaka juzi, kama ilikuwa ya kati, bado inafaa sana. Mwambie akae nawe akuonyeshe: gemu ipi, setingi zipi, fremu ngapi, na GPU inafanya kazi asilimia ngapi. Kijana anayejua anachokitaka atakueleza ndani ya dakika kumi, na mkifanya vipimo vya juu huenda mkakuta kinachohitajika ni RAM au kusafisha vumbi. Akikuonyesha kwa ushahidi kwamba kadi imefika mwisho, msikilize pia. Vijana wengi wa hapa wamejifunzia ufundi wa kompyuta kwenye mashine za gemu. Mpangie achangie kwa kuuza ile ya zamani yeye mwenyewe.

Nina kibanda cha gemu Likoni, mashine zinawaka kutwa. Umeme uingie kwenye hesabu?

Kwako wewe, ndugu, uingie wa kwanza. RX 580 hula hadi wati 185, RTX 4060 wati 115, na ya pili ina kasi zaidi. Tofauti ni wati 70. Kwa saa 12 kila siku ni uniti 25 kwa mwezi kwa mashine moja. Tuseme uniti inakugharimu shilingi 25: ni kama shilingi 630 kwa mwezi, zaidi ya 7,500 kwa mwaka, kwa kila mashine. Zidisha kwa mashine ulizo nazo, uone kama zinalipa sehemu ya kadi mpya. Joto la kibandani nalo litapungua, na wateja watakaa zaidi. Kwa mchezaji wa nyumbani wa saa nne kwa siku, tofauti hiyo hiyo ni shilingi 210 kwa mwezi. Huyo asibadilishe kadi kwa ajili ya tokeni.

Stima ikikatika ghafla, kadi inaungua?

Mara nyingi kinachoumia kwanza ni pawasaplai na diski. Hatari kubwa ni umeme unaporudi kwa kishindo. Stima ikipotea, chomoa au zima ukutani, na usubiri itulie kabla ya kuwasha. UPS ndogo ya VA 650 haitakupa muda wa kumaliza mechi, maana kompyuta ya gemu huimaliza kwa dakika chache, lakini itakupa muda wa kuzima kwa adabu. Pesa ya kadi usiipunguze kwa kununua pawasaplai ya bei ya kutupa. Alama ya 80 Plus huonyesha umeme kidogo kiasi gani unapotea, haithibitishi kwamba pawasaplai ni salama, kwa hiyo tazama jina la mtengenezaji na uzito wa kitu mkononi.

Nina laptopu ya gemu. Naweza kubadilisha kadi?

Karibu zote, hapana. Chipu imeunganishwa kwenye mazabodi. Isafishe, ibadilishe pasta, na akiba yako ielekee mashine inayofuata.

Kadi ya zamani niiuze lini, na ya kwangu mpya niianzeje?

Iuze mapema, kabla kizazi kipya hakijatangazwa, kwa sababu siku ya tangazo bei za mtumba huanza kushuka. Isafishe, piga picha ya namba ya utambulisho, na mkubalie mnunuzi zile dakika 20 za majaribio. Lakini usiikabidhi mpaka mpya iwe imewaka kwako.

Siku ya kwanza ya kadi mpya, futa draiva za zamani kwa DDU (Display Driver Uninstaller, programu ya bure), hasa ukihama kutoka NVIDIA kwenda AMD au kinyume chake. Chomeka kila waya wa umeme mpaka usikie mlio wake. Kisha ichezeshe kwa nguvu siku zote ambazo duka limekuruhusu kurudisha, mchana wa joto kali, na risiti iwe mahali unapoiona.